Nelkon ya maktaba ilikuwa kwenye tranka langu

Najua nimepotea. UE zilinibana, halafu nikaenda zangu likizo nyumbani ambako bando linaisha kabla hujafungua kitu. Leo nimerudi na stori, ila siyo ya kujisifia.

Siku ya tatu nyumbani, mdogo wangu wa kike, ambaye yuko kidato cha tano PCM, alirudi kutoka maktaba ya mkoa amenuna. Alikuwa amefuata Nelkon, lile litabu la fizikia ambalo kila aliyepita PCM au PCB analijua. Kaambiwa kopi ilikuwa moja, iliazimwa na haijarudi.

"Miaka mitatu, kaka! Hivi mtu gani anakaa na kitabu cha watu miaka mitatu?"

Nikainamia simu, nikajifanya nasoma meseji. Mtu mwenyewe ni mimi.

Nilikiazima nikiwa form six, kwa wiki mbili. Mtihani wa taifa ukaja, halafu JKT, halafu chuo. Kila nikikikumbuka najiambia nitakipeleka likizo ijayo. Siku zikipita aibu inaongezeka, na aibu ikiongezeka ndivyo unavyozidi kukaa kimya. Halafu nilikuwa na utetezi wangu mzuri tu: maktaba ni ya serikali, serikali ina hela, itanunua kingine.

Usiku nikafungua tranka. Kilikuwepo, chini ya yunifomu ya zamani. Ukurasa wa mbele kuna ile karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Wa kwanza ni wa 1979. Inafuata mingine mingi, imebanana mpaka karatasi ikajaa na ikabandikwa nyingine juu yake. Nikawaza wote waliokipitia, pengine wengine sasa ni mainjinia wenye wajukuu. Wote walikirudisha. Muhuri wa mwisho ni wangu.

Asubuhi nikamwambia mdogo wangu ukweli. Alisema neno moja tu, "Kumbe," na hakunisemesha tena njia nzima.

Maktabani nikamkuta mama yule yule wa kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuwa mkubwa."

Nikaweka kitabu mezani. Akakifungua, akautazama muhuri, akakaa kimya kidogo. Nikauliza faini. "Faini utalipa," akasema. "Lakini ngoja nikwambie. Hela ikija, kwanza umeme, maji, mlinzi, paa linalovuja. Kitabu kinasubiri. Vingine tunapewa msaada, tunashukuru, ila msaada unaleta alichonacho mtoaji, hauleti anachotafuta huyu binti." Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu.

Yaani nilitamani anigombeze tu yaishe.

Niliporudi Mlimani nikaanza kuchimba. Kumbe hii kitu haikuanza kinyonge. Sheria ya kuunda bodi ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar aliifungua Mwalimu Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya uhuru. Sheria ikaandikwa upya mwaka 1975, ndiyo tuliyonayo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wakati huohuo kulikuwa na kampeni ya kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama 67% ya watu wazima, na mwaka 1986 ilitangazwa wamebaki kama 10%. Maktaba ilikuwa sehemu ya mpango, maana mtu akishajua kusoma lazima awe na cha kusoma, la sivyo anasahau.

Halafu ikaja miaka ya themanini. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Fedha za kigeni hakuna. Sasa Nelkon inachapwa Uingereza, utainunua na nini? Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kopi ya 1979 ilikuwa bado inazunguka mpaka ikanifikia mimi.

Nimeona pia tamko la UNESCO na chama cha kimataifa cha maktaba, IFLA, la mwaka 1994, ambalo lilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Linasema wazi kwamba maktaba ya umma ni jukumu la serikali kuu na serikali za mitaa, ilindwe na sheria na igharamiwe na serikali hizo. Sababu iko wazi. Jengo unaweza kupewa. Sisi hapa chuoni tuna maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafunguliwa Novemba 2018, inaingiza wasomaji 2,100 kwa mpigo. Safi sana. Lakini kitabu cha mwaka huu, umeme wa mwezi huu na mshahara wa mkutubi hakuna mfadhili atakayekupa milele. Jengo linafunguliwa mara moja kwa kukata utepe. Vitabu vinatakiwa vinunuliwe kila mwaka, na hakuna anayekuja kupiga picha.

Na sisi je? Boom likichelewa siku tano tunajua mlango wa kugonga. Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili mpaka Juni, tunasikiliza barabara, maji, mikopo. Mimi sijawahi kumuuliza mbunge wangu swali hata moja kuhusu maktaba ya mkoa wetu. Nilikuwa naidai serikali kimoyomoyo huku kitabu chake nimekilalia.

Roommate wangu kasema napoteza muda, eti siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Sawa. Ila mdogo wangu hana simu, na nyumbani tunalala watano chumba kimoja, meza ni ile ya kulia chakula. Maktabani anapata kiti, mwanga na masaa manne ya kimya. Hivyo huwezi kuvidaunilodi.

Sijitetei. Nilikosa, na faini imekula hela yangu ya wali kuku ya wiki nzima. Ila najiuliza: mkoa mzima, kopi moja? Maana yake watoto wote wa PCM na PCB wa kwetu wanategemea uaminifu wa mtu mmoja aliyekiazima. Nikiwa mwizi, wamekwisha. Maktaba yenye kopi kumi ingenivumilia hata mjinga kama mimi.

Mdogo wangu alikiazima palepale. Mama akapiga muhuri chini ya wangu, wiki mbili. Jana kanitumia meseji kwa simu ya mama yetu: "Nimekirudisha. Siyo kama watu fulani."

Nimestahili. Na wewe unayesoma hapa unacheka, hebu kaangalie kwenye tranka lako.

Haya, nawahi foleni ya kafteria. Tuonane.