Kutia Saa Ufunguo

Kiswahili husema kwamba saa hutiwa ufunguo. Usemi huu una umri mkubwa kuliko saa nyingi zinazovaliwa leo. Saa za zamani za mfukoni zilikuwa na tundu dogo mgongoni au usoni, na mwenyewe alibeba ufunguo wake mdogo ambao aliuchomeka humo kila siku na kuuzungusha. Katika miaka ya 1840, Mfaransa Adrien Philippe alibuni mtambo uliomwezesha mtu kuitia saa nguvu kwa kuzungusha kitufe kilicho ubavuni mwake, na taratibu ule ufunguo wa pembeni ukatoweka. Chombo kikaondoka, jina likabaki. Anayeitia saa ya mkono ufunguo hii leo hashiki ufunguo wowote; ana kidole gumba na kidole cha shahada, na kati yake kitufe chenye mikato, kisichozidi punje ya hindi kwa ukubwa.

Hisia ya kazi hiyo hubadilika hatua kwa hatua. Mizunguko ya mwanzo huwa mepesi, na kitufe hutembea bila ubishi wowote. Kila kinaposukumwa mbele, husikika mlio mdogo mkavu, ka-ka-ka, ambao vidole huupokea hata kabla ya masikio. Mlio huo hutoka kwa kilimi cha chuma kinachoruka kutoka jino moja la gurudumu hadi jingine. Kazi ya kilimi ni kuizuia kamani isijifungue na kurudi ilikotoka. Kikivunjika, nguvu yote iliyokusanywa humwagika kwa mara moja. Kitufe kinaporudishwa nyuma, hulegea kabisa. Meno yake huteleza tu, na kamani haiguswi.

Kamani yenyewe ni utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo kama jamvi. Kadiri inavyojikunja ndivyo inavyoanza kukaidi. Baada ya mizunguko kumi au kumi na mitano kidole huhisi uzito uliokuwa haupo. Baada ya ishirini, uzito huo umekuwa ukinzani. Hatimaye kitufe hukoma. Hakikomi kwa kishindo bali hufikia mahali pasipo na nafasi tena, na kidole kikikiachia, hurudi nyuma kidogo kana kwamba saa imeshusha pumzi. Nguvu hiyo itatosha saa za kawaida kwa muda wa takriban saa 36 hadi 48. Katika saa nyingi za miaka hiyo ya zamani, gurudumu la mizani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mapigo matano kwa kila sekunde, na mapigo 432,000 kati ya alfajiri moja na nyingine. Mapigo yote hayo hulipwa na nusu dakika ya vidole viwili.

Mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa vilima vya Taita, aliilipa saa yake deni hilo kila asubuhi tangu alipoinunua mwaka wa 1971. Ilikuwa saa ya vito 17, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na wakati wake ulikuwa saa kumi na mbili kamili, kabla ya chai. Alichagua asubuhi kwa sababu kamani iliyojaa husukuma kwa nguvu iliyo sawa zaidi kuliko kamani inayokaribia kwisha. Hivyo saa hutembea vyema zaidi mchana, wakati inapohitajika. Kengele ya shule aliyoifundisha ilipigwa kwa kufuata akrabu za saa hiyo kwa miaka mingi. Alipostaafu, kengele ilipata saa nyingine, lakini yeye hakuacha desturi yake.

Kilichoivunja desturi hiyo ni kisukari. Ganzi ilianza miguuni, na baada ya miaka kadhaa ikafika kwenye ncha za vidole. Mzee aliweza bado kushika kikombe na kalamu, kwa kuwa macho yalivisaidia vidole. Lakini kikomo cha kamani hakionekani kwa macho. Kitufe kilizunguka vidoleni mwake bila kumwambia neno. Akaanza kuhesabu mizunguko. Tatizo ni kwamba alihofu kuikata kamani, na kwa hofu hiyo akawa anaacha mapema, mizunguko kumi tu badala ya ishirini na ushei ambayo siku moja ilihitaji. Upungufu wa leo ulijumlishwa na wa jana. Haukupita muda mrefu, akaamka usiku na kuikuta saa imesimama.

Hofu yake haikuwa upuuzi. Kizazi chake kilikua na saa ambazo kamani zake za chuma cha kawaida zilikatika, hata zikiwa zimetunzwa, na mtu aliyeikuta saa yake imekufa alijilaumu kwamba ameitia ufunguo kupita kiasi. Imani hiyo ingalipo. Mafundi saa, hata hivyo, wanajua kwamba saa nyingi zinazodaiwa kufa kwa kuzidishiwa ufunguo zimesimama kwa sababu nyingine: vumbi, au mafuta yaliyokauka na kuwa mazito mfano wa gundi. Kamani iliyojaa ni hali ya kawaida ya saa. Zile za aloi zilizoenea katikati ya karne ya ishirini ni nadra kukatika, na vidole viwili vinavyojua kusita haviwezi kuidhuru saa nzima. Lakini kusita ndiko hasa ambako vidole vya mzee vilikuwa vimekusahau.

Kazi ikamwangukia mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizoni, ambaye maishani mwake alizoea kuangalia saa kwenye simu. Aliipokea saa kwa woga.

"Nitajuaje kwamba imejaa, Babu?"

"Itakukataa, mjukuu wangu. Haitagombana nawe. Itakukataa kama mtoto aliyeshiba anavyokataa kijiko."

Siku ya kwanza aliacha mapema mno. Siku ya tatu ilimkataa, naye akacheka. Baada ya hapo babu akamtaka jambo ambalo hakulitarajia: amsimulie kila kitu kinachopita vidoleni mwake. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Binti huyu alikuwa na istilahi tele za fonolojia na sintaksia, lakini maneno ya kuguswa yalikuwa machache kinywani mwake. Alisema kitufe ni "kigumu." Babu akauliza: kigumu vipi? Kinakaza au kinakwama? Kinanata au kinakwaruza? Kinateleza au kinalegea? Kila neno kati ya hayo lilikuwa na maana yake ndani ya saa. Kukaza ni dalili ya kamani inayojaa. Kunata ni mafuta yaliyozeeka. Kukwaruza ni uchafu, au meno makavu yanayosagana.

Asubuhi moja binti akasema, bila kuulizwa, "Leo inakwaruza, Babu, hapo mwanzoni, kabla haijaanza kukaza." Mzee akamwambia aache papo hapo. Saa ilipelekwa kwa fundi mjini, ambaye aliifungua, akakuta mafuta yamekauka na punje za vumbi zimeingia kwenye meno ya mtambo wa kutilia ufunguo. Iliposafishwa na kutiwa mafuta mapya, mkwaruzo ukaisha. Mzee, ambaye hakuhisi chochote, ndiye aliyeutambua ugonjwa wa saa yake, kwa kutegemea neno moja lililochaguliwa vyema na mtu mwingine.

Saa za betri hazihitaji maneno hayo. Tangu tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilipoanza kuuza saa yake ya kwatzi, Astron, jijini Tokyo, usahihi umekuwa bidhaa rahisi. Kwatzi iliyo katika saa nyingi za sasa hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa hizo hukosea kwa sekunde chache tu kwa mwezi, ilhali saa ya kamani inaweza kukosea kiasi hicho kwa siku moja. Hakuna awezaye kuitetea saa ya mzee kwa hoja ya usahihi. Hata hivyo, saa ya betri haimtaki mwenyewe kila siku, wala haimwambii lolote mpaka siku inapozimika.

Wanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukusanya methali, nyimbo na majina ya mimea. Msamiati wa vidole hukusanywa mara chache, ingawa umejaa tele kwa mafundi saa, wafumaji, wasusi na waunda vyombo. Wenye msamiati huo wanazeeka, na wengine, kama mwalimu huyu, hubaki na maneno baada ya vidole kunyamaza. Likizo ilipokwisha, binti aliiacha saa mezani pa babu yake, akamfundisha mdogo wake wa darasa la sita kuitia ufunguo. Jambo la kwanza alilomfundisha lilikuwa tofauti kati ya kukaza na kukwama.