Mapipa Matatu

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bibi mmoja aliyelelewa Uingereza, na baadaye akahamia Texas, alipoingia kwa mara ya kwanza katika uwanja wa mbio za mapipa, kamba yake ilionekana na kila mtu: mgongo ulionyooka, hatamu zilizokazwa sawasawa kwa mikono miwili, na kiwiliwili kilichoinuka na kushuka kwa kufuata mchapuko wa farasi. Alipanda kwa mtindo wa Kiingereza tangu utotoni, na kwa miaka mingi aliwafundisha wengine. Sasa, na mvi zimeanza kumtoka, alipanga foleni nyuma ya watoto wa miaka kumi, akingoja kufundishwa.

Kwa kuutazama, mchezo wenyewe ni mwepesi. Mapipa matatu husimamishwa kwa umbo la pembetatu: katika uwanja wa kipimo kamili, mawili ya mwanzo huachana kwa futi 90, na la tatu huwa futi 105 kutoka kila moja ya hayo. Mpandaji huingia kwa shoti, akayazunguka moja baada ya jingine, kisha akarejea mbio alikoanzia. Kuligusa pipa hakuna adhabu. Aliangushaye huongezewa sekunde 5, na hizo hutosha kumshindisha. Wanawake ndio walioujengea mchezo huu heshima. Mwaka 1948, huko San Angelo, wanawake 38 waliunda chama chao cha rodeo ili wapate mashindano ya haki.

Kasi haikumtisha bibi yule. Mikono ndiyo iliyomponza. Chuo cha kwanza kilimfunza kuwa hatamu ni mazungumzo yasiyokatika baina ya vidole na kinywa cha farasi. Hiki cha pili kilimtaka alegeze, mkono mmoja ushike kishikio cha tandiko, wa pili uongoze kidogo tu penye kona. Tena alizoea kuinama mbele mwendo ukizidi, na kwa farasi wa mapipa kuinama ni kumwambia aongeze mbio. Pipa la kwanza wakalipita mbali. La pili akalikodolea macho, mwili ukayafuata macho, pipa likaanguka. Watoto hawakucheka, na kutocheka kwao kulimuuma zaidi.

Farasi aliyepewa alikuwa mzee wa kazi ile, akiijua njia kuliko yeye. Siku nyingi walizunguka kwa hatua za pole tu. Hapo akatambua kuwa elimu yake ya kale haikustahili kutupwa: kukaa imara, kumsemesha farasi kwa miguu, kuitazama njia kabla ya kuifikia, yote yalihitajika. Mtunzi wa mashairi aingiapo katika utenzi hasahau kuhesabu mizani. Huihesabu kwa namna nyingine. La kuachwa lilikuwa moja, uchu wa kutawala kila hatua. Katika fainali za taifa za mwaka 1985, hatamu zilimvuka kichwani Scamper, farasi wa Charmayne James, naye akayazunguka mapipa yote, wakashinda mbio zile.

Siku ya mashindano yake ya kwanza, bibi yule alikaa kitako kabla ya kila pipa, akalegeza mkono, akatazama mbele. Muda wake haukuwa wa kutajwa. Vumbi lilipotua, mapipa matatu yalikuwa yamesimama.