Muziki wa Kina Zawose na Masikio Yetu

Zama za ujana wangu, muziki wa Wagogo kwetu sisi watu wa pwani ulikuwa wa kutazamwa zaidi ya kusikilizwa: ulipigwa uwanjani siku za sherehe za taifa, wachezaji wakiwa na njuga miguuni, nasi tukaupigia makofi kwa adabu, kisha tukarejea majumbani kwenye taarabu na dansi, ambazo ndizo tulizozihesabu kuwa muziki hasa. Hata marehemu Hukwe Ubi Zawose, mwanamuziki wa Kigogo ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960 aje apige kwa niaba ya taifa, na ambaye baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aghalabu tulimtaja kwa taadhima bila ya kumsikiliza.

Aliyenizindua mimi ni mzee mmoja mpiga zeze, aliyenikalisha barazani kwake akanionyesha ilimba: vibati vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mti, na matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. “Usiukimbie huo mvumo, mwanangu,” akaniambia, “huo ndio utamu wenyewe.” Tangu hapo sikuweza tena kuusikia muziki ule kama kelele ya sherehe.

Ilipotoka albamu ya Assembly mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambamo Zawose alishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada aliyekwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, rafiki zangu waligawanyika, wengine wakidai kuwa mitambo imemeza asili, wengine wakifurahi kuwa asili imepata hadhira mpya. Rai yangu ni ile ile hata leo: pale gitaa linapokaa nyuma na kuiachia njia sauti ya Zawose, inayopanda kutoka kwenye kina hadi kilele, kazi ile ni adhimu, na pale mapigo ya mashine yanapotangulia, ilimba hukosa nafasi ya kuvuta pumzi. Zawose alifariki Desemba 2003.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, limeletwa na wanawake. Katika ukoo wa Zawose wao walikuwa wakiimba, wakicheza na kupiga ngoma za muheme, ilhali ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume. Lakini mwaka 2024 Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha kwa Real World, kampuni ile ile iliyotoa kazi za Hukwe, wakiwa wao ndio watunzi na waimbaji wakuu, na vyombo vya kielektroniki vikiwafuata. Wahakiki wa Uingereza waliipokea kwa sifa, nami naziunga mkono, kwani sauti mbili zile zinavyopokezana na kukutana ni fani iliyokomaa, wala haihitaji kuonewa huruma kwa ugeni wake.

Linalonisikitisha ni kuwa sifa hizo zimetoka kwa wasiojua Kigogo. Enyi wahariri wa magazeti yetu, mtafuteni Dodoma msikilizaji anayeijua lugha hiyo na miiko ya ngoma hizo, mpeni albamu ya Maisha, na mchapisheni atakayoyaandika, akisifu au akikosoa.