Vibua wa Bergen

Kila Mtanzania aliyefika Bergen, Norwe, miaka ya tisini alianza na ugonjwa uleule: kugeuza kila bei kuwa shilingi. Mimi nilifika mwaka 1995, krone moja ikiwa kama shilingi 90, nikawa nasimama mbele ya friji la nyama nikipiga hesabu mpaka hamu ya kula inakwisha yenyewe. Kaka mmoja wa Moshi, aliyetutangulia pale mabweni ya Fantoft, aliniambia, “Mdogo wangu, ukiendelea na hesabu za nyumbani utakufa njaa. Waangalie wenyeji wanavyoishi.”

Nikawaangalia. Profesa wetu, mtu mwenye nyumba ya kupumzikia kando ya bahari, ikifika saa ya chakula alitoa kwenye mkoba vipande vya mkate vilivyofungwa kwenye karatasi, jibini la kahawia juu yake, akala palepale mezani. Hakuna aliyemshangaa. Kwetu mtu wa cheo kile angemtuma kijana akamletee supu na chapati. Kubana matumizi, ambako kwetu kunakufanya usemwe mtaa mzima, kule kulikuwa adabu, na mpaka leo naamini utajiri wao haukutoka kwenye mafuta peke yake.

Bei za chakula nazo zilikuwa na chanzo chake. Novemba 1994 Wanorwe walipiga kura kukataa kujiunga na Umoja wa Ulaya, na ushuru mzito ukaendelea kuwakinga wakulima wao dhidi ya nyama na jibini za nje. Wenzetu wa Oslo walivuka mpaka hadi Strömstad, Sweden, wakarudi na nyama ya mwezi mzima. Sisi Sweden ilikuwa mbali, ng’ambo ya milima.

Lakini bahari ilikuwa mlangoni. Kule, anayetaka kuvua samoni mtoni hulipia kibali. Anayesimama gatini na mshipi wake kutafuta kitoweo cha baharini hadaiwi kitu. Sasa mtoto wa Tanga umwambie nini tena? Majira ya joto vibua walikuja makundi kwa makundi, wanene, migongo ina mistari ya kijani iliyokoza, mmoja anajaza kikaango. Mshipi ulikuwa na ndoana kadhaa zenye manyoya ya rangi, bila chambo. Unaushusha, unaushtuashtua, na ukiwakuta unapandisha watatu kwa mpigo. Tuliwapasua, tukawatia chumvi na limau, wengine tukawagandisha kwa ajili ya Januari. Ugali tulisonga wa semolina, kwa kuwa sembe ilikuwa adimu. Semolina inashika upesi, ukizubaa na mwiko unakula mabonge, ila kwa mchuzi wa kibua unapita vizuri tu.

Nguo tulizipata kwenye masoko ya mitumba yaliyoandaliwa shuleni kuchangia bendi za watoto. Jumapili jioni, wenyewe wameshachoka, unapewa mfuko uujaze utakavyo kwa bei moja. Viatu tu ndivyo sikubania. Bergen inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mguu uliolowa hauna ufadhili.

Halafu zilikuwepo chupa. Kila chupa ya soda au bia iliuzwa na amana ndani ya bei, krone moja kwa ndogo, mbili na nusu kwa kubwa. Unaitia kwenye mashine dukani, unapewa risiti, na risiti hiyo ni pesa. Tarehe 17 Mei, sikukuu ya Katiba yao ya 1814, mji mzima ulikunywa na bustani zikabaki zimetapakaa chupa. Wengine tuliona haya kuokota mbele za watu, tukangoja usiku, ambao mwezi huo hauna giza la maana, kwa hiyo tulionekana vilevile. Kaka wa Moshi hakujificha: alikwenda mchana na mifuko yake, akisalimia kila mtu.

Fedha za chupa niliziweka kando, zikaenda Tanga kulipa ada za wadogo zangu. Mama alipouliza kwenye simu nafanya kazi gani ya ziada, nikamwambia nimeingia kwenye biashara ya vinywaji. Kabla ya magharibi majirani wote walikuwa wameshatangaziwa.