Siku Tatu Dodoma: Mama, Jiandae kwa Ukavu

Siku hizi wengi wetu tunafika Dodoma kwa shughuli fupi. Huyu anampeleka binti yake Chuo Kikuu, yule anakwenda kumwuguza ndugu Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwingine ametumwa na wenzake kwenye mkutano wa kanisa. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika hapa kutoka Dar es Salaam mwezi Julai 2024, safari imekuwa nyepesi mno: kwa muda wa saa nne hivi umeshafika, ambapo kwa basi ilikuwa kazi ya kutwa. Wepesi huo ndio unaotudanganya. Mama anapanda treni katika joto la unyevu la Pwani, ana chupa moja ndogo ya maji na mtoto mgongoni, anashuka mahali penye hewa nyingine kabisa.

Mimi ni muuguzi, nami naishi hapa hapa Dodoma. Nimewaona watoto wa wageni wakiletwa usiku wa pili wa safari, wamelegea, na wazazi wakisema, “Amechoka na safari tu, Sista.” Hajachoka. Amekaukiwa.

Mji huu uko juu, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, nayo hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Huko Pwani mtoto akipoteza maji utaona nguo imelowa. Hapa jasho hukauka kabla hujaliona. Basi usiangalie jasho, angalia mkojo. Ukiwa kidogo na wa rangi ya chai ya rangi, mnyweshe. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maji hata hapa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama ndiye unywe.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni ladha ya maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima virefu vya Makutupora, na yana chumvichumvi. Watoto huyakataa, na mama asipokuwa macho siku inapita mtoto amekunywa soda moja tu. Mpe uji mwepesi, tikiti, au maji ya ubuyu uliyokoroga mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. (Ubuyu mweupe wa unga, siyo ule uliopakwa rangi nyekundu na sukari, huo ni peremende.) Akianza kuharisha, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, umpe kidogo kidogo wakati ukimpeleka kituo cha afya. Homa nayo usiisingizie jua. Malaria si nyingi hapa kama Pwani, lakini mgeni anaweza kuja nayo mwilini, akapimwe.

Chukua kikopo cha mafuta ya mgando, kwa midomo na ndani ya pua. Damu ya pua hutoka sana kwa ukavu huu: mwinamishe mtoto mbele, siyo nyuma, na umbane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia. Na kila mtoto awe na taulo lake la uso. Ugonjwa wa trakoma umewapofusha wengi katika vijiji vya mkoa huu, hasa Kongwa, nao huambukizwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Kama safari ni Juni au Julai, sweta ni lazima. Usiku una baridi kali kwa aliyetoka Tanga au Dar.

Ukitaka kujua namna ya kuishi na ukavu, nenda Soko la Majengo asubuhi ukawatazame akina mama wa Kigogo. Wanamaliza shughuli zao jua halijawa kali. Wanauza mlenda uliokaushwa na kusagwa, unaokaa miezi mingi bila kuharibika, na unga wa uwele na wa mtama, nafaka zinazostahimili pale mahindi yanaposhindwa. Wasalimie: “Mbukwa” kwa mmoja, “Mbukwenyi” kwa wengi. Utaona nyuso zinavyofunguka. Huko mijini Mgogo amesemwa sana kwa habari ya kuombaomba, na wanaosema hawaijui njaa ya mwaka ambao mvua imenyesha mara tatu tu. Mama aliyelea watoto saba katika nchi hii ana mengi ya kutufundisha sisi wenye vyeti.

Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kabla ya kumpa mtoto, zioshe vizuri kwa maji mengi, maana mizabibu hupuliziwa dawa. Ukiulizwa sokoni kama unataka “mchuzi wa zabibu”, ujue siyo mchuzi wa kulia ugali. Ni ule unaotengenezewa divai. Jumamosi wengi huenda mnada wa Msalato kula nyama choma. Nenda, lakini nyama iive, na mtoto avae kofia.

Kama una siku nzima ya akiba, itumie kwenda Kolo, mbele ya Kondoa. Barabara ni ya lami, ila ondoka alfajiri. Huko kuna michoro ya kale ya watu na wanyama kwenye miamba, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuna kupanda vilima, kwa hiyo viatu vya kufunga, na maji ya kutosha kwa kila mmoja. Watoto wasiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Bibi mwenye presha au magoti abaki mjini, kivulini Nyerere Square.

Mwisho ni malazi. Kuanzia Aprili hadi Juni Bunge la Bajeti linaketi, vyumba hujaa na bei hupanda. Piga simu mapema. Hosteli za makanisa ni safi na zina utulivu, lakini nazo hujaa. Uliza jambo moja kabla ya kulipa: maji yakikatika, wana tangi? Tiketi ya treni ya kurudi ikate siku ileile unayokata ya kuja, na siku ya safari usisahau kitambulisho. Fika stesheni mapema, kwani mizigo hukaguliwa, na chupa za maji za watoto zijaze kabla hujatoka nyumbani kwa mwenyeji wako.