Mambo ya Kutazama katika Mji wa Unguja

Watu wa uwanda wa Makonde, wa Newala na Masasi, siku hizi husafiri mara kwa mara kwenda Unguja, wengine kwa biashara, wengine kwa masomo, wengine kuwaangalia jamaa zao. Warudipo, husimulia habari za bahari, za pweza na za halua. Hayo si mabaya. Lakini katika mji ule yako mambo mengine yatupasayo sisi kuliko wageni wote waujao, maana mji ule ndio uliolizaa Kanisa letu. Kwa hiyo nimeona vema kuyaandika kwa utaratibu, yawafae watu wa nyumbani na waalimu pia.

Kwanza, safari yenyewe. Mtu hupanda basi Newala au Masasi mpaka Dar es Salaam, akivuka mto Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, katika nchi yetu ya Masasi. Kabla ya daraja hilo watu walivushwa kwa pantoni, na wakati wa mvua kubwa safari ilikuwa taabu tupu. Toka Dar es Salaam boti ya abiria hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Msafiri asisahau kitambulisho chake.

Akiisha kupumzika, na aende kwanza Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwapo soko la watumwa mpaka mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza, soko likafungwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale, na siku ya Noeli ya mwaka 1877 watu wakasali ndani mara ya kwanza, hali jengo halijamalizika. Hilo ndilo Kanisa Kuu la Kristo. Karibu na altare mgeni ataona sakafuni alama ya duara ya marumaru. Yasemwa ya kuwa ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kupigwa mijeledi. Nyuma ya altare amelala Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Uko pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Dokta Livingstone mwaka 1873.

Nje ya kanisa ziko sanamu za watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Zilifanywa mwaka 1998. Hapo jirani huonyeshwa vyumba vya chini, vyenye giza na joto, na mgeni huambiwa ya kuwa watumwa walifungiwa humo. Mwalimu atakayewapeleka watoto na ajue ya kuwa wako wanahistoria wasemao kwamba jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Ukweli wa utumwa hauhitaji kuongezewa neno. Soko lilikuwapo, na watu waliuzwa.

Pili, na atoke mjini aende Mbweni, upande wa kusini. Misheni ilinunua shamba huko, wakakaa watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi. Kanisa la Mtakatifu Yohana lipo hata leo, na magofu ya shule ya wasichana yangali yasimama. Hapa ndugu wa Masasi na avue kofia, maana miongoni mwa watu wa namna hiyo walitoka wazee wetu. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, akashuka nao Lindi, wakaenda kwa miguu. Nia yake ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa, walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi waliona nchi ni nzuri yenye maji, wakaomba kukaa, na kijiji kikaanza chini ya yale majabali. Wala taabu zao hazikuishia hapo. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka mara ya pili. Baada ya hayo misheni ikajenga Newala. Basi mti huu tunaokaa kivulini mwake ulinyweshwa machozi.

Tatu, na aulize habari za Kiungani, kilipokuwapo chuo cha Mtakatifu Andrea kabla ya kuhamia Minaki. Huko alisoma Cecil Majaliwa, Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1890 alipewa daraja ya upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ya Vyuo Vikuu, akaja kufanya kazi Chitangali, huku huku kwetu. Aliyeuzwa kama mbuzi alirudi kuwa mchungaji.

Akiisha hayo, na autazame mji wenyewe kwa furaha. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, basi mgeni aulize kwanza kabla ya kusogea. Kanisa la Wakatoliki, liitwalo Minara Miwili, huonekana toka baharini. Milango ya nakshi, vichochoro, soko la Darajani, vyote vyafaa kutazamwa, na jioni ni urojo na maji ya miwa pale Forodhani.

Lakini mgeni na ashike adabu. Mji ule ni wa Waislamu. Avae nguo za stara, asile hadharani mchana wa Ramadhani, na awaamkie wazee kwa shikamoo. Wala asitoke Mkunazini akiwatazama wenyeji kwa jicho baya. Watumwa wengi wa nchi zetu walipitia Kilwa, na waliowafikisha pwani hawakuwa Waarabu peke yao. Wako wakubwa wa bara waliouza watu kwa nguo na baruti. Dhambi ile ilikuwa na mikono mingi, na mingine ilikuwa meusi kama yetu.

Neno langu la mwisho ni hili. Katika nyumba zetu wako watu wanaojua ya kuwa bibi au babu yao alitoka Mbweni, nao hulificha jambo hilo kwa kuogopa kuitwa wana wa watumwa. Ndugu zangu, aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua, si ya aliyeuzwa. Waisraeli waliamriwa kuwasimulia watoto wao ya kuwa walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Mbona sisi tunyamaze? Basi kabla hujasafiri, kaa na wazee wako, uwaulize majina na mahali walikotoka wakubwa wao, ukayaandike katika daftari. Ukifika Mkunazini, yasome majina hayo kwa sauti ndogo, ukawaombee. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na jina lisiloandikwa hufa pamoja na mwenye kulijua.