Sehemu ya 9: Dada wa Jikoni, na daftari la mdogo wangu

 

Sehemu ya 8 tuliongelea uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, na maswali mliyonitumia yalikuwa mengi kweli. Kuna moja lilijirudia kwa maneno tofauti: "Nesi, binti yangu darasani hafanyi vizuri, ila akishika mwiko ni fundi. Nimkataze jiko ashike daftari?"

Hilo swali nimekaa nalo siku nyingi. Kabla sijakujibu, inabidi nikusimulie kosa nililolifanya mimi mwenyewe, tena kwa ndugu yangu wa damu.

Nina mdogo wangu wa kike. Kidato cha nne matokeo yake hayakuwa mazuri. Akarudi hapa Bukundi akaanza kukaanga maandazi asubuhi, na siku ya gulio anaongeza chapati na supu. Watu wanampenda. Mimi nikawa namwambia kila nikimwona, rudia mtihani, rudia mtihani, uje usomee unesi kama mimi.

Mwaka juzi, kabla ya msimu wa pamba, alikuja kwangu jioni na daftari la mistari. Akaketi, akaniambia kwa adabu kabisa, "Dada, nina mpango. Naomba uniangalizie, na kama unaweza unikopeshe." Alitaka 350,000. Mabati, benchi mbili, meza, sufuria kubwa, na jiko linalokula kuni kidogo.

Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimechoka. Daftari sikulifungua. Nikamjibu, "Hakuna mtu aliyefika popote kwa kukaanga maandazi."

Akasema, "Sawa dada." Akachukua daftari lake akaondoka.

Baada ya hapo miezi miwili hakukanyaga kwangu. Tukikutana njiani ananiamkia vizuri tu, shikamoo dada, ila kama anamwamkia mgeni wa wilayani. Mama yetu akayasikia. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ada yako ya chuo ilitoka wapi?"

Jamani. Ada yangu ilitoka kwenye uji wa ulezi. Mama alikuwa anaamka saa tisa usiku, anapika ndoo mbili za uji, anazipeleka mnadani. Kwa hiyo cheti changu kilichotundikwa ukutani kimelipiwa na sufuria, halafu mimi ndiye niliyesema hakuna aliyefika popote kwa jiko.

Nililisikia lile swali, ila kiburi ni kitu kibaya, sikwenda kuomba msamaha siku ile. Nilikuja kwenda baadaye, na kilichonisukuma ni usiku mmoja wa zamu.

Ulikuwa usiku mtulivu, mzazi mmoja tu, naye alishajifungua salama na mtoto ananyonya. Nikawa nachezea simu. Nikakuta picha ya mgahawa wa London, na jina lake limeandikwa JIKONI. Kiswahili chetu kabisa. Nikajiuliza, huyu ni Mtanzania? Mkenya? Nikaanza kusoma.

Mwenye mgahawa anaitwa Ravinder Bhogal. Alizaliwa Kenya, wazazi wake wana asili ya India. Akiwa na miaka saba familia ikahamia Uingereza. Kupika hakusomea chuo chochote. Alifundishwa na mama yake nyumbani tangu akiwa mdogo, jikoni, kati ya wanawake wa familia. Alipokuwa mkubwa hakuwa mpishi kwa kazi, alikuwa mwandishi wa habari za mitindo na urembo. Kupika alikuwa anapika nyumbani tu, kama mimi na wewe.

Halafu mwaka 2007 akaingia kwenye mashindano ya runinga. Kuna mpishi maarufu wa Uingereza, Gordon Ramsay, yule mkali anayefoka, alikuwa na kipindi chake Channel 4 kinaitwa The F Word. Walikuwa wanatafuta mwanamke mpishi wa nyumbani anayeweza kusimama mbele ya kamera, awe kama mrithi wa Fanny Cradock, mwanamama aliyevuma kwa kupika kwenye runinga ya Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Wapishi wa nyumbani wakajitokeza, na Ravinder akashinda.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri mama mwenzangu, maana hadithi hizi tunazipenda ziishe haraka. Alishinda, akafungua mgahawa, akatajirika, basi. Haikuwa hivyo.

Alishinda mwaka 2007. Mgahawa wake wa Jikoni aliufungua mwaka 2016. Hesabu mwenyewe. Miaka tisa!

Hiyo miaka tisa hakukaa akisubiri simu ipigwe. Mwaka 2009 alitoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi, Cook in Boots. Aliandika, alionekana kwenye vipindi, na alikuwa anapika kwenye migahawa ya muda, yaani unapika mahali kwa siku chache, watu wanakuja wanakula, unafunga, unajifunza. Ukifikiria, hiyo haina tofauti na gulio. Unapanga, unauza, unafunga, kesho unajua wangapi walirudi na nini kilibaki kwenye sufuria.

Na alipofungua, hakufungua peke yake. Aliingia na mume wake, Nadeem, wakawa wanaendesha pamoja. Mgahawa uko mtaa wa Blandford, eneo la Marylebone, katikati ya London.

Jambo lingine lililonigusa ni chakula chenyewe. Hakukana alikotoka ili awapendeze Waingereza. Kwenye meza moja unakuta Afrika Mashariki, India, Uarabuni na Uingereza vimekaa pamoja. Kuna keki ya ndizi inayokuja na aiskrimu ya Kihindi iliyotiwa Ovaltine. Ovaltine! Hii hii ya kwenye kopo. Mwaka 2020 alitoa kitabu kinaitwa Jikoni, na kwenye jalada akaandika kwa kujivunia kwamba mapishi yake si ya asili tupu, ni ya jiko la mhamiaji.

Ukifikiri hayo ni mambo ya mbali, angalia chapati unayopika wewe. Chapati, sambusa na bajia zimekuja kwetu na watu wa India. Wengine walikuja kwa biashara ya majahazi karne nyingi zilizopita. Wengine waliletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kati ya 1896 na 1901. Wakapika vyakula vyao, majirani wakaonja, na leo Msukuma hapa Meatu hawezi kufanya harusi bila pilau. Sisi tumechukua kutoka jiko la mhamiaji, na binti wa mhamiaji akachukua neno letu akaliandika juu ya mlango wake London.

Mimi nilikua naona aibu na michembe. Nikiwa chuoni, wenzangu wakila biskuti, mimi michembe yangu nilikuwa naificha chini ya khanga, nakula usiku taa zikizimwa. Usiku ule wa zamu nikajiuliza, hivi nilikuwa namficha nani? Si mama yangu?

Asubuhi nilipomaliza zamu sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilimkuta amepiga magoti anapuliza moto, moshi umemjaa machoni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea. Lile daftari lipo?"

Hakujibu haraka. Aligeuza maandazi yote yaliyokuwa kwenye mafuta kwanza, akayaopoa, ndipo akaenda ndani kulileta.

Nikalisoma hapo hapo nimekaa kwenye ndoo. Nisikudanganye, niliona haya. Alikuwa ameandika kila kitu. Unga kilo ngapi kwa siku ya kawaida na ngapi siku ya gulio. Mafuta, sukari, kuni, maji ya kununua kiangazi. Ameandika majina ya waliokopa na waliolipa. Ameandika mwezi ambao mauzo yanashuka, kwa sababu watu wako mashambani na hela hakuna. Mtu niliyemwambia hana akili ya darasa alikuwa na hesabu safi kuliko rejista zangu za dawa.

Nilikuwa na la kuongeza kidogo tu, yale ya unesi. Nakuwekea na wewe hapa kama una ndoto ya kuuza chakula, hata kama ni meza moja chini ya mti:

Kapime afya kabla hujaanza, na utunze cheti. Mpika chakula anayeumwa tumbo anaweza kuangusha kijiji.

Weka ndoo ya maji yenye koki na sabuni, ya wateja na ya kwako. Nawa ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, na ukishika nyama mbichi.

Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kachumbari.

Supu iive mpaka ndani, na ikipoa uichemshe tena kweli kweli, siyo kuipasha vuguvugu. Kilicholala bila kuhifadhiwa vizuri kimwage. Najua inauma.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Na hela ya biashara ikae mkebe wake, ya nyumbani mkebe wake. Hili si la unesi, hili alinifundisha mama.

Sikuwa na 350,000 yote. Nilimpa 200,000, nyingine akapata kwenye kikoba chao. Banda likasimama kabla ya masika.

Sasa usije ukadhani nakuja kukwambia ametajirika. Hapana. Siku ya gulio benchi hazitoshi, watu wanakula wamesimama. Kuna wiki nyingine, mvua ikinyesha na njia zikiharibika, anarudi na nusu ya chapati na tunazila sisi. Mara moja alinunua mafuta mengi bei ikashuka wiki iliyofuata, akalia. Deni langu bado hajalimaliza, na wala simdai kwa nguvu. Lakini anamsomesha mtoto wake, na ameajiri msichana mmoja wa kumsaidia. Na akiniamkia siku hizi, anacheka.

Hakuna kamera ya runinga iliyowahi kufika hapo kwake, na labda haitafika. Lakini nimejifunza kwa yule dada wa London kwamba mashindano yalimfungulia mlango tu. Kilichomfanya afae kuingia alikipata kwa mama yake akiwa mdogo, na kilichomfanya adumu ni ile miaka tisa ya kazi. Hivyo viwili hata mtoto wa Bukundi anaweza kuvipata. Cha kwanza kiko mikononi mwako wewe mama.

Kwa hiyo jibu langu kwa wewe uliyeuliza ni hili. Usimkataze jiko, na daftari usimwachishe. Mpe vyote. Mwambie aandike hesabu ya anachopika, utaona hisabati inavyoingia. Na kama una wa kiume, naye mwite. Kupika hakuna jinsia, njaa yenyewe haichagui.

Mwingize jikoni kwa umri wake. Wa miaka mitatu au minne anaweza kuchambua choroko au kuosha nyanya, mbali na moto. Wa miaka saba anaweza kukanda unga. Sufuria ya moto na mafuta yanayochemka si vya mtoto mdogo, na uji wa moto usiuweke chini anapotambaa mtoto. Wodini tumelia na mama wengi kwa uji huo huo.

Ikitokea ameungua, mwagia maji safi ya kawaida yasiyo ya barafu kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, umlete kituoni. Usipake dawa ya meno, usipake yai, usipake mafuta. Tafadhali sana.

Na ukimuona anakoroga kwa furaha, kabla hujasema neno lolote kama lile nililolisema mimi, liangalie kwanza daftari lake.

Niandikie hapo chini: chakula gani ulifundishwa na mama yako, na leo kinakusaidia kuishi? Nitasoma yote, nikichelewa ujue niko zamu.

Sehemu ya 10 tutaongelea mtoto wa mwaka mmoja anayekataa kula. Bwana Mungu akitujalia, tukutane Jumapili jioni.

Nesi wenu, Bukundi.